Mbuzi Huyu, Mbuzi Hii

Silali, nimefumba macho tu, na anayesema Mishi binti Kombo kalala kazini aje anitazame vizuri. Nimeketi ndani ya chumba cha kurekodia, kuta zote zimevishwa sponji, joto la mchana wa Tanga limejifungia humu humu pamoja nami, na juu ya kichwa changu, ghorofani, wanamjadili Mbuzi. Mimi siitwi kwenye kikao, ingawa Mbuzi hana sauti nyingine duniani ila hii yangu. Asubuhi Bwana Mhilu, mkurugenzi wetu, kapita mlangoni na kikombe cha chai mkononi, kasema bila hata kunitazama, Mishi, mbuzi hii tutaiondoa, watoto wa siku hizi wanataka mapigano, mbuzi hii inatuchelewesha. Hii! Inatuchelewesha! Moyo umenilipuka pale pale. Maana kwa asiyeijua katuni yetu, yuko msichana anaitwa Zuwena, ana upanga, anazunguka dunia kumtafuta zimwi aliyeiba mvua, na nyuma yake anamfuata mbuzi wa jikoni kwa bibi yake, kile kigoda cha kukunjwa chenye ulimi wa chuma wenye meno, unakikalia unakuna nazi. Tangu achongwe anasikia watu wakimwita mbuzi, basi kaamini kwamba yeye ni mbuzi kweli. Anaomba majani. Analia mee kwa ulimi wenye kutu. Anatembea kwa kujikunja na kujikunjua, kwaka, kwaka, kwaka, na kila anaposikia mtu anasema mbuzi hii, anasimamisha ulimi wake juu, anafoka, mbuzi HUYU, kwani mimi kabati? Watoto wanacheka mpaka wanaanguka. Ila Idi inapokaribia na visu vinaponolewa, Mbuzi ndiye wa kwanza kulala chali, mbuzi hii, jamani, hii, mimi mbao ya mvule, muulizeni fundi! Hapo hata wazazi wao wanacheka. Shangazi yangu kila tukionana ananiuliza, bado unalia mee, Mishi? Naam, shangazi, nalia mee, na hakuna katika nchi hii anayelia mee kama mimi. Sasa nasikiliza miguu ya viti inaburutwa ghorofani, nafumba macho kidogo tu, sponji ya ukutani inakuwa laini, inalainika zaidi, naiegemea na bega langu linapita upande wa pili.

Natokea kwenye barabara nyeupe. Nainama naigusa, ni nazi, nazi iliyokunwa, imetandazwa kutoka hapa mpaka macho yanapochoka, na kila hatua ninayopiga inanirudisha karibu na pale nilipoanza. Kulia kwangu kuna miji, na kushoto kuna miji ile ile imegeuzwa kama kwenye kioo. Katika miji ya kulia watu wanatembea, wanagombana, wanaitana huyu na yule. Kushoto watu wale wale wamebebwa mabegani kama makabati, wamekauka, na wabebaji wanaambiana, hii ipeleke stoo, ile iweke juu ya hii. Namwona mtu wa kanzu amesimama katikati ya barabara, namfikia, namwamkia, shikamoo, na anaponigeukia naona hana uso, pale palipotakiwa kuwa na uso pamelainika kama yai. Haitikii marahaba. Anasema, kitendawili. Na mdomo wangu, kwa mazoea ya utotoni, unajibu wenyewe kabla sijauzuia, tega. Ndipo nakumbuka sheria ya vitendawili, ukishindwa unatoa mji. Utotoni nimegawa Pangani, nimegawa Muheza, Korogwe nimeitoa sijui mara ngapi, na kesho yake yote ipo mahali pake. Lakini huku, nikiitazama ile miji inavyotetemeka pembeni, naona wazi kwamba mji ukitoka umetoka.

Wote wanamkalia, mwenyewe hakai, anasema asiye na uso. Nacheka. Hilo nalo la kunitegea mimi? Mbuzi! Mbuzi huyu, anauliza, au mbuzi hii? Huyu, nasema, tena usirudie kuuliza. Sababu? Sababu anachekesha, nenda nyumba yoyote yenye watoto uone. Asiye na uso anainamisha kichwa upande. Kiti kikivunjika mtu akaanguka, watu wanacheka, je, kiti ni huyu? Umeshindwa, anasema, nipe mji. Na kabla sijasema lolote anauinua mji mmoja wa kulia kwa pembe zake mbili, mji umejaa watoto wamekaa chini mbele ya televisheni, anaukunja kama mkeka, anaubana kwapani, na kile kicheko kilichokuwa kinatoka mle kinakatika. Nakimbia. Barabara inapinda, inapanda, inashuka, inanileta pale pale mbele ya mtu yule yule, au mwenzake, nitajuaje na wote hawana uso? Wote wanamkalia, mwenyewe hakai. Mbuzi huyu! Sababu? Anasema kweli, namjibu, Zuwena akijivuna hakuna wa kumwambia isipokuwa Mbuzi, siku zote ni yeye. Redio nayo husema kweli siku nyingine, ananijibu, nipe mji. Na mji wa pili unakunjwa.

Hapo napandwa na hasira. Wewe hata uso huna, namwambia, unapata wapi ujasiri wa kumpima mwenzio? Na wewe je, anasema taratibu, uso wako nani anaujua? Nainua mkono nijishike uso, vidole vinateleza, hakuna pua, hakuna shavu. Ni kweli, naweza kusimama sokoni mchana kutwa katikati ya watoto wanaomwiga Mbuzi, asinijue hata mmoja. Lakini mimi si wa kukatishwa tamaa na yai. Uso sina, namwambia, sauti ninayo, na hiyo inatosha kukuelemea, tega tena! Hategi. Ananyoosha kidole, naona miji mingine yote imeshakunjwa, umebaki mmoja tu ubavuni mwa barabara, mdogo, una moshi juu, nao ni jiko la bibi yake Zuwena. Na kutoka mlangoni anakuja Mbuzi mwenyewe, kwaka, kwaka, kwaka, mbao zake zimechakaa kuliko tunavyomchora, ulimi umepinda kidogo kushoto. Furaha inanijaa kifuani. Mbuzi wangu! Anafungua mdomo anijibu, sauti haitoki.

Asiye na uso anachomoa kisu. Hili ndilo swali la mwisho, anasema. Kama ni huyu, ana damu, basi anachinjwa hapa hapa. Kama ni hii, inakwenda stoo, haichinjwi, haiumizwi, itapata vumbi tu. Sema wewe, sauti yake. Namtazama Mbuzi, Mbuzi anakitazama kisu, na misumari yake inaanza kugongana kwa kutetemeka. Najua anachosema mbele ya kisu. Nimemsemea miaka yote, na ndicho kichekesho chake kikubwa kuliko vyote, mbuzi hii, jamani, hii! Neno moja tu na atapona. Atapona, atawekwa juu ya rafu, na hakuna mtoto atakayemsikia tena. Namwonea uchungu, wallahi, na najionea uchungu mimi mwenyewe, kwa sababu akienda stoo yeye, na mimi nimekwenda. Nameza mate, na hapo ndani ya koo langu linapita neno ambalo sijalituma, linatoka mbele kabisa, kwa ule ulimi wa kutu. Mishi, linasema, umeisahau siku ya zimwi?

Siku ya zimwi! Nitaisahau vipi? Zimwi kaketi juu ya kisima cha mvua, kamshika Zuwena kwa mkono mmoja, anasema nileteeni mbuzi nile, la sivyo namla huyu binti. Zuwena hatetemeki, maana tumemchora hivyo, hajui woga una rangi gani. Mbuzi ndiye anayetetemeka. Na siku ile, siku moja kati ya zote, angesema mbuzi hii na ingekuwa kweli tupu, maana yeye ni mbao kweli, hata zimwi kipofu angemwachia. Zimwi mwenyewe anamwambia, toka hapa kigoda, mimi natafuta mbuzi. Mbuzi anajikunjua, kwaka, anasogea mpaka puani mwa zimwi, anasema kwa sauti inayokatikakatika, mbuzi huyu, bwana, huyu hapa, tena mnono. Zimwi anamwachia Zuwena, anamng'ata Mbuzi, meno ya zimwi yanamwagika yote kama mahindi, na nchi nzima inacheka. Sisi wenyewe tukirekodi tunacheka. Ila mimi machozi yananitoka katikati ya kile kicheko, na Hamduni, fundi wetu wa sauti, anasimamisha mashine, ananipa leso.

Ewe yai, namwambia asiye na uso, sikiliza vizuri sasa. Upanga wa Zuwena ni mzuri na Zuwena mwenyewe ni mzuri, Mungu amlinde, lakini asiyejua woga akisonga mbele katoa nini? Huyu anajua woga kuliko sisi sote. Anaogopa kisu, anaogopa mvua isimwozeshe, anaogopa hata mchwa, na alipotakiwa alikwenda, akalifanya jambo zima liwe mzaha ili mtoto wa watu asione ukubwa wake akaogopa. Watu wanamkalia, wanakula wali wa nazi, wanamsukumia uvunguni, na kesho wakimwita anakuja analia mee. Kama huyo si huyu, basi mimi na wewe ni nini? Kisu cha asiye na uso kinashuka kidogo. Sasa zamu yangu, namwambia, kitendawili! Anasita. Sheria ni sheria, hata kwake. Tega, anasema. Mwoga katangulia, shujaa kabaki nyuma! Anageuza lile yai kulia, analigeuza kushoto. Moshi na moto, anasema. Si yenyewe. Kivuli na mtu. Si yenyewe, umeshindwa, nipe mji! Nipe mji, nipe ule, nipe na ule, yote nipe! Na pembeni yangu Mbuzi naye kapata sauti, anapiga kelele juu ya kelele zangu, mbuzi huyu, mbuzi huyu, mbuzi huyu hapa, bwana! Mikeka inamponyoka kwapani, miji inajikunjua barabarani, kicheko cha watoto kinarudi kuanzia pale pale kilipokatika, na kisu kikigonga ulimi wa Mbuzi kinakunjika chenyewe. Namgeukia Mbuzi nikiwa sipumui vizuri kwa fahari. Karibu kitako, namwambia, leo kaa na wewe. Anatikisa kichwa kwa haya. Nitakaaje, dada Mishi, sijaambiwa. Nataka kumjibu, lakini kuna mtu anagonga kioo, anagonga, anagonga, na barabara yote inatetemeka.

Hamduni yuko upande wa pili wa kioo, visikizi vimemning'inia shingoni, macho yamemtoka. Silali, namwambia haraka, nimefumba macho tu. Sawa dada, hujalala, anasema kwenye spika yake, lakini kipaza sauti kiko wazi tangu ulipofumba macho, sikukizima, na spika ya ghorofani inapokea kila kitu. Kikao kimenyamaza, wanakusikiliza wewe. Nasikia aibu inapanda, naikataa, naishusha. Wamesikia vizuri? Wamesikia, ila Mishi, hebu niambie, mlikuwa na nani humo ndani? Na nani tena, nasema, mimi na Mbuzi, si unajua zote ni sauti yangu. Hamduni anatikisa kichwa. Hapana, dada. Wewe unasema nipe mji, yeye anasema mbuzi huyu, kwa wakati mmoja, sauti juu ya sauti. Nimeirudia rekodi hapa. Mtu ana mdomo mmoja. Natazama mapajani mwangu, kanga yangu imejaa chenga nyeupe, naonja moja kwa ncha ya ulimi, ni nazi. Naushika uso wangu, pua ipo, mashavu yapo, ila hata kule mwanzoni nilidhani yapo.

Spika ya ukutani inakwaruza. Kikohozi kimoja, kijiko kinagonga kikombe. Mishi, inasema sauti ya Bwana Mhilu. Naam, naitika. Mwambie mwenzio, inasema ile sauti polepole, kama ya mtu anayechagua neno asilolizoea mdomoni. Mwambie huyu anakaa. Nainua macho kwenye kioo nimtafute, kuna mtu amesimama nyuma ya Hamduni na mwanga umempiga, uso wake siuoni kabisa, kwa hiyo sijui bado niko upande gani wa ile sponji. Lakini chini ya kiti changu nasikia kwaka, kwaka, taratibu, mbao zinajikunjua, halafu kitako kinatua sakafuni kwa mara ya kwanza maishani mwake. Karibu, namwambia.