Eka Nne za Marita

Anyelwisye, bwana ardhi wa wilaya, alifika Ndalambo Jumanne moja mwanzoni mwa Machi 2013. Suruali yake ilikuwa na tope hadi magotini, kwa sababu barabara ya kutoka Chitete ilikuwa imemshusha kwenye pikipiki mara sita. Alikuja kupima mashamba ili watu wapewe hati za kimila, na la Marita lilikuwa la kumi na moja kwenye orodha. Marita alimpa mahindi mawili ya kuchoma, akamwacha na kazi yake, naye akaendelea kuchuma majani ya maboga.

Bwana ardhi alizungusha futi kamba pembeni: hatua sabini kwa sabini. Eka moja. Akaingia ndani kuhakiki, akafuata mistari ya mahindi, akatokea upande wa pili. Eka moja. Kwa kuwa alikuwa kijana mwaminifu na wilaya yenyewe ilikuwa mpya, akaona afuate na maharage yaliyokuwa yamepanda juu ya mahindi hayo. Maharage yakampeleka kwingine. Alitembea hatua sabini kwa sabini nyingine, penye kivuli na ubaridi, na hindi hakuliona hata bua. Akarudi, akafuata maboga. Hiyo ilikuwa eka ya tatu, ya chini chini, akaipima akiwa amechuchumaa huku panya wakimpisha. Ya nne ilikuwa ya mbaazi. Huko alisikia maji yakipita chini ya ardhi, maana mizizi ya mbaazi hushuka mahali ambapo wengine hawana haja napo.

"Mama, hapa pana eka nne," alisema alipotoka, akijipangusa magoti.

"Ndivyo lilivyo," Marita alisema. "Mama mkwe wangu aliniachia hivyo hivyo."

Akamweleza kama mgeni anavyoelezwa choo kilipo. Mahindi yanataka jua la juu. Maharage yanataka wa kumwegemea, nayo huirudishia ardhi nguvu. Maboga yanataka kulala chini, na yakilala magugu hayana pa kuinukia. Mbaazi hana haraka, anakunywa ya chini.

"Kila mmoja na chake, ndiyo maana kila mmoja ana shamba zima. Wanaogombana ni wanaotaka kitu kilekile. Niliwahi kutia ulezi humu, ukalitaka jua la mahindi. Walisumbuana mpaka nikauhamishia kule kwenye kichuguu." Akatupa jani moja kwenye kikapu. "Lakini kwenye hiyo karatasi yako andika moja."

"Mama, mimi naandika ninachopima."

"Mwanangu, andika moja."

Aliandika nne. Akashukuru kwa mahindi aliyokula, ndaga fijo, asante sana, akawasha pikipiki. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, hilo tunalijua sote. Hatuambiwi tu karatasi yake itasomwa na nani.

Karatasi ilisomwa. Mwezi wa nane ikaja barua ya wilaya yenye mihuri miwili. Marita alipewa hati ya eka moja, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa akiitaja miaka yote. Eka tatu za ziada, ambazo kwa mujibu wa barua hazikuwa na mtu, walimpa mwekezaji wa mahindi ya mbegu. Mwekezaji mwenyewe hakuonekana Ndalambo hata siku moja.

Mwenyekiti wa kijiji, Yonathani, aliitisha mkutano. Barua aliisoma harakaharaka, kisha akamgeukia Marita na kumwita kwa jina la binti yake, aliyeolewa Tunduma. "Mama Judith, usishindane na wakubwa. Fahali wawili hawakai zizi moja."

Marita alisimama, akajifunga kanga vizuri. "Mwenyekiti, mimi si fahali. Na lile shamba si zizi. Mle wanakaa wanne, na mwaka wa ishirini huu sijasikia hata mmoja amempiga mwenzake pembe."

Watu walicheka. Katibu aliandika kwenye muhtasari: kicheko. Kisha uamuzi ukabaki uleule.

Desemba, mahindi yakiwa yamefika magotini na maharage yameanza kutambaa, akaja Damiano, msimamizi wa mwekezaji, na vibarua kumi, nguzo na mifuko ya mbegu. Alikuwa mtu wa adabu. Alisalimia, akavua kofia.

"Mama, tumefuata zile tatu zetu. Ya kwako hatuigusi."

"Zichukueni," Marita alisema, "mkiziona."

Damiano alisimika nguzo kuzunguka eka zote tatu, na alipomaliza, nguzo zote zilikuwa zimezunguka eka moja, tatu tatu, zimebanana. Akaendelea na kazi. Alikuwa amefanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu ya Saza na aliwahi kuona ardhi ikifanya makubwa kuliko hayo. Aliamuru maharage yang'olewe, maboga yang'olewe, mbaazi ing'olewe, na nyuma ya wang'oaji wapite wapandaji. Mahindi ya Marita yaachwe, maana sheria ni sheria.

Shina la mwisho la harage lilipong'oka, eka ile ilijikunja kama mkeka na kuwatema vibarua katikati ya mahindi ya Marita, majembe mkononi. Kesho yake ikajikunja ya maboga. Siku ya tatu ikajikunja ya mbaazi, na maji ya chini hayakusikika tena. Marita alisimama pembeni siku zote tatu. Ilimuuma kuliko siku aliyomzika mumewe, kwa sababu siku ile hapakuwa na mtu wa kumkasirikia.

Mbegu za mwekezaji ziliota baada ya wiki. Zote ziliota kwenye mahindi ya Marita, kwa kuwa mle shambani mahindi yalikuwa na eka moja tu, na mahindi ni mahindi hata yakija na mfuko wenye picha. Miche ilisongamana hata kuku hakuweza kupenya. Yote ilitaka jua lilelile, maji yaleyale, samadi ileile. Kufika Februari ilikuwa njano, ya Marita na ya mwekezaji, na magunzi yalitoka membamba mfano wa kidole gumba. Damiano aliondoka bila gunia hata moja, akaandika ripoti kwamba ardhi imechoka. Marita alivuna debe mbili, akala kwa kubana hadi mvua zilipoanza tena.

Zilipoanza, alishusha kibuyu kilichokuwa juu ya meko. Ndani mlikuwa na mbegu za mama mkwe wake, zimekauka kwa moshi. Akapanda mahindi. Akapanda maharage, na eka ya maharage ikafunguka. Akapanda maboga, ikafunguka. Akapanda mbaazi, akakaa chini, akasubiri mpaka akasikia maji. Kisha mgagani, mboga ya mwitu, ukajiotea wenyewe kwenye vijia, mahali watu wanapokanyaga na ambapo hakuna mwingine aliyepataka, nao ukaja na eka yake.

Machi ikamleta Anyelwisye na futi kamba yake. Alikuwa ametumwa kuhakiki mipaka, kwa sababu Damiano alikuwa njiani na nguzo mpya. Alipima mpaka jua likawa la utosi. Alipotoka hakumtazama Marita machoni.

"Mama, faili lilishafungwa. Zile tatu bado ni za mwekezaji. Siwezi kuzirudisha."

"Sikukuuliza faili. Umepata ngapi?"

"Tano." Akageuka huku na huku, akashusha sauti. "Niandike moja?"

Marita aliweka kikapu chini. Mwaka mzima alikuwa amekula kwa kubana, na hasira yake haikuwa imepungua hata kidogo.

"Andika tano," alisema. "Tena kwa wino. Waje wazitafute. Wakizing'oa zitajikunja, na mbegu ninazo mimi. Kila eka watakayoiingia, watanikuta nimetangulia."

Akaandika tano.