Nukta Iliyowafukuza Wauguzi

Je, umewahi kufukuzwa mlangoni na nukta? Mimi nimefukuzwa usiku wa jana, ndotoni, nikiwa na khanga zangu mbili na ndara za bafuni.

Chanzo ni mjukuu wangu Tunu, anayeandika programu za kompyuta. Alikuwa anafungasha programu ya zahanati, na kifungashio chake, kile kinachokusanya mafaili pamoja, kikawa kinayaacha mengine nje ovyo ovyo. Siku tatu hajalala. Asubuhi saa nne zahanati wanaipokea, la sivyo kazi anapewa mwingine. Nikimuuliza, "Unataka nini, mke mwenzangu?" ananijibu, "Sitaki kitu, Bibi."

Basi nikalala, nikajikuta ndani ya kifungashio chenyewe.

Ni ghala refu linalonuka gundi. Mlangoni pamebandikwa karatasi: *.zi WABAKI NJE. Hiyo .zi ni mkia wa jina ambao Tunu huzitilia rasimu zake za kutupa.

Nyota, yule wa mwanzo wa karatasi, amelala chali mezani, anakula karanga. "Mimi ni jina lolote, refu au fupi," anasema. "Usinijali."

Pembeni yake amesimama Nukta, mviringo, mkubwa kama sufuria ya wali wa watu wanne. Amefunga tai.

Mafaili yamepanga foleni. Anakuja Vipimo. "Pita." Anakuja Dawa. "Pita." Wanakuja Wauguzi na kofia zao nyeupe. "Nje!" Anakuja Uzazi, tumbo mbele. "Nje!" Zamu yangu inafika.

"Jina?"

"Bi Kipenzi."

"Nje!"

"We baba," namwambia, "mimi nina nukta wapi? Hebu nioneshe."

"Si lazima uwe nayo, mama. Humu ndani nasimama badala ya herufi yoyote. Akija u, ni mimi. Akija n, ni mimi. Mwenye zi na chochote mbele yake, namtoa."

"Nani kakufundisha hayo?"

"Kwa Tunu nilikuwa nukta. Nilipovuka kizingiti hiki wakanitafsiri, wakasahau kunipa kijiti cha kuegemea mbele yangu. Mwenye kijiti ni nukta. Asiye nacho ni kila mtu." Analegeza tai. "Kuwa kila mtu kunachosha, mama. Jana nilikuwa q mara kumi na moja."

Kabla sijampa pole, ghala limekuwa darasa langu la pili. Hakuna aliyesogea. Wauguzi wamebanana kwenye madawati, na mwalimu ni stepla.

"Bi Kipenzi!" anabwata. "Nukta ni nini?"

"Ni mahali pa kupumzika, mwalimu."

Nukta anaangua kilio. "Ndicho ninachokitaka!" anasema. "Kupumzika, nisiwe mtu mwingine!"

Nachomoa njiti moja kwenye ufagio wa chelewa uliopo nyuma ya mlango, naikata kwa meno, namsimamishia mbele yake, kichwa cha njiti kikimwelekea. Anaporomoka na tai yake.

"Bibi, umeilaza siko!" Wauguzi wanacheka hadi kofia zinadondoka. "Kichwa kiangalie kule, kisigino kwake!"

Naigeuza. Nukta anaegemea, anashusha pumzi, anakuwa mdogo kama punje ya mtama.

Wauguzi wanapita. Uzazi anapita akicheza. Mimi napita, natoka, napita tena, kwa raha tu. Inakuja Rasimu.zi, inajipitisha kama mgeni rasmi. "Wewe, nje!" Nukta anaifokea. Darasa zima linapiga makofi, na Nyota anapaliwa na karanga.

Nikaamka. Saa moja asubuhi. Tunu kasimama mlangoni na kompyuta mkononi.

"Bibi, nani kagusa kazi yangu?"

"Kwani kumetokea nini?"

Akanisogezea. Mbele ya nukta kulikuwa na kijistari kimeegama, kisigino kwake. "Sijakiandika mimi. Na nimefungasha, mafaili yote yamo. Wauguzi wamo, Uzazi yumo. Zahanati nimeshawatumia."

Nikavaa miwani, nikakitazama kile kijistari. Kilikuwa na alama ya jino.

"Sasa unataka nini, mke mwenzangu?"

Akaweka kompyuta sakafuni, akapanda kitandani kwangu na viatu vyake.

"Nataka kulala, Bibi. Hebu sogea."