Sikio la Kufa

Darasa zima la tatu lilimwita binti mmoja Sikio, na jina hilo lilitoka kinywani mwa mwalimu wake. Kila alipoitwa binti huyo bila kuitika "abee", mwalimu alishika kiuno: "Sikio la kufa halisikii dawa!" Methali ni tamu kwa anayeisema, si kwa anayesemwa. Sasa imeamuliwa kwamba wiki ijayo arudishwe darasa la kwanza, akakae na mdogo wake. Na huyo mdogo, kwa furaha zake, alishampangusia nafasi kwenye dawati.

Siku ya kupimwa watoto, nesi wa shule alisimama nyuma ya kila mtoto na kunong'ona neno, mtoto alirudie.

"Kikombe."

"Kikombe!"

Ikafika zamu ya Sikio.

"Kiatu," nesi alinong'ona. Kimya. "Paka." Kimya.

Mwalimu alikuwa mlangoni, akasonya. "Si nilikwambia, dada? Jeuri huyo."

Nesi alimtazama binti. Mtoto jeuri husikia, kisha hukaza shingo. Huyu alikuwa ametulia tuli, anangoja kwa adabu zote neno ambalo lilishapita. Moyo ulimuuma nesi. Akachukua tochi, akachungulia sikio hili, kisha lile. Nta ilikuwa imeziba yote mawili, ngumu kama kipande cha sabuni ya kufulia.

"Mwalimu," alisema taratibu, "sikio hili halijafa. Hiyo dawa ndiyo halijawahi kupewa."

Akamwita mama wa binti, akampa matone ya kulainisha nta, akaomba binti asihamishwe kwanza. Wiki iliyofuata alimkalisha penye mwanga, akamsafisha masikio polepole kwa maji ya uvuguvugu, mama ameshika beseni chini ya shavu la mwanawe. Yalipotoka yaliyotoka, binti alishtuka. Akasikiliza maji yakidondoka. Akakwaruza gauni lake kwa ukucha, akacheka, akakwaruza tena. Mama yake alishindwa kujizuia, akalia.

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yao muda wote, hajui mikono aiweke wapi. Mwishowe alisema kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayesema na nafsi yake:

"Mwanangu, nisamehe."

Binti akageuka, viganja masikioni.

"Abee, Mwalimu. Nimekusamehe. Ila usipige kelele."