Kikao cha Alhamisi

Watu wa Matinyani wanasema mimi Syokau nina kichwa kigumu. Wacha waseme. Miaka kumi na mmoja nimekuwa mwenyekiti wa mwethya wetu, wanawake tisa wa kusaidiana mashambani, na hakuna hata mmoja wa hao wasemaji anayeweza kunionyesha shamba la mwanachama lisilo na mitaro. Tunaenda na majembe shamba kwa shamba, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na mtaro wa kila mtu una urefu ule ule. Uwe na mume wa kazi ya kaunti, uwe huna mume kabisa, futi ni zile zile. Nani alileta huo usawa? Si ni mimi!

Na sheria yetu ni moja tu: hakuna kitu kinabadilishwa bila kikao. Kikao ni Alhamisi saa nane, nyuma ya kanisa.

Sasa, watoto watatu wa kikundi walimaliza kidato cha nne pamoja. Mwongeli wangu alipata B+. Kasyoka, binti ya mweka hazina wetu, naye akapata B+. Mbithe wa Nduku akapata C+. Tuliwapigia vigelegele wote, kwa sababu C+ ndiyo mlango wa digrii, na nyumbani kwa Nduku hakuna mtu alikuwa amewahi kuufikia. Lakini Nduku hakutulia. Mutie, mume wake, alikuwa ameshaongea na ajenti mmoja wa Emali anayepeleka wasichana Saudia kufanya kazi za nyumba. Alikubali kungoja kitu kimoja: barua ya chuo. Barua ikija, Mbithe anasoma. Ikikosa, anapanda ndege.

Kwa hivyo tukakaa kikao tukachagua kozi. Ndiyo, sisi. Mnashangaa nini? Hao watoto tuliwalea pamoja. Tukasema wote watatu wajaze unesi, vyuo vile vile, kwa mpangilio ule ule, wakae chumba kimoja na wapikie sufuria moja. Nduku aliuliza kwa sauti ndogo kama ualimu haungekuwa rahisi zaidi kwa Mbithe. Mimi ndiye nilimkata.

"Ati wawili wawe manesi na wako ashike chaki? Nani amesema mtoto wako ni wa mtaro mfupi?"

Wanawake wakapiga makofi. Nduku alilia kwa furaha, nilimwona kwa macho yangu.

Tukaenda Kitui mjini kwa saiba, duka la intaneti la Tariq, kijana mpole ambaye baba yake anauza vitambaa karibu na msikiti. Aliwajazia Mwongeli na Kasyoka ile fomu ya serikali ya mtandaoni bila neno. Alipofika kwa Mbithe akaacha kuandika.

"Mama, hii haiwezekani. Mwaka jana, wa mwisho kuchukuliwa unesi alikuwa na pointi thelathini na nane. Huyu ana ishirini na sita."

"C+ inaruhusiwa ama hairuhusiwi?"

"Inaruhusiwa kuomba. Kuchukuliwa ni mambo mengine. Angalau tuweke ualimu hapo chini, hata mmoja tu."

"Jaza vile tumekuambia."

Mbithe alikuwa amesimama nyuma yangu. Tariq akajaza. Maneno ya siri ya kufungulia fomu za wote watatu niliyaandika kwenye daftari la kikundi, na vyeti vyao vya kuzaliwa nikavirudisha kwa sanduku langu, maana hapo ndipo karatasi zote za kikundi hukaa.

Wiki mbili baadaye nilikuwa Makindu, dada yangu amelazwa. Jumanne asubuhi simu ikalia. Mbithe.

"Mwaitu, mama yangu, mgonjwa anaendeleaje?"

"Ameanza kula. Unasemaje?"

"Naomba lile neno la siri langu. Nataka kubadilisha niweke ualimu. Nimeenda kwa Tariq, anasema kwa pointi zangu naweza kupata. Wanafunga kesho."

Daftari lilikuwa hapo hapo kwa mkoba wangu. Hili hata Nduku sijamwambia. Ningefungua ukurasa nimsomee herufi nane, basi. Lakini nilikasirika. Mtoto anaenda kwa Tariq nyuma yetu!

"Kwani wewe ni nani wa kubadilisha kitu kikundi kimepitisha? Ngoja kikao cha Alhamisi."

"Lakini mwaitu, wanafunga Jumatano."

"Mbithe, hii serikali naijua kabla hujazaliwa. Siku za kusajili laini za simu waliongeza. Za kila kitu huwa wanaongeza. Wataongeza."

"Sawa, mwaitu."

Huyo mtoto hajui kubishana. Angenitukana siku hiyo labda ningeshtuka.

Hawakuongeza. Alhamisi nilikuwa nimerudi, tukakaa, tukapitisha kwa mikono yote kwamba Mbithe abadilishe aweke ualimu. Nikaandika kwa daftari, nikampigia Tariq hapo hapo mbele ya wote. Akaniambia, "Mama, ilifungwa jana."

Majibu yalipotoka, Mwongeli na Kasyoka walikuwa wamepata unesi, chuo kimoja. Mbithe hakupata popote. Watu walijaa kwangu na soda na maombi. Nduku alikuja pia, na badala ya kukaa na wageni akaenda nyuma kuosha vikombe. Niliingia chooni nikajifungia, nikalia mpaka mchungaji akauliza mama wa nesi ameenda wapi.

Nilimwendea Mutie. Nikamwambia mtoto anaweza kuomba tena mwakani, inaruhusiwa.

"Tulisema barua," akanijibu. "Iko wapi? Basi nipe cheti chake cha kuzaliwa, ajenti anataka kumtafutia pasipoti."

Nikasema ufunguo wa sanduku umepotea. Woi, mimi Syokau nikidanganya kama mtoto! Akaja mara ya pili, nikasema bado natafuta. Wiki tatu nzima nilitembea na huo ufunguo kifuani.

Mwishowe akaja Mbithe mwenyewe, nikiwa napepeta ndengu uani.

"Mwaitu, ajenti amesema pasipoti ikichelewa atachukua mwingine. Baba anampigia mama kelele kila siku kwa sababu ya hiyo karatasi. Jana hakuishia kwa kelele."

Niliweka ungo chini. "Kaa hapa kwangu. Utalala kitanda cha Mwongeli, utakula hapa. Mwakani nitakupeleka kwa Tariq mimi mwenyewe ujaze chochote unachotaka. Nilikukosea, mwanangu. Nilikukosea sana."

Aliniangalia. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliniumiza.

"Na mama atakaa wapi?" akauliza. "Leo ni Alhamisi, mwaitu. Uliza kikao."

Saa nane tukakaa nyuma ya kanisa. Niliwasihi. Mimi, ambaye huwa nasema mara moja tu, nilirudia mara tatu. Nikawaambia kosa ni langu na mtoto nitamlea mimi. Mweka hazina akasema, kwa heshima, kwamba kikundi hakiwezi kushika karatasi ya mtoto ambaye baba yake anaitaka. Anayekubali cheti kitoke ainue mkono.

Saba ikainuka haraka. Nduku ndiye aliinua wa mwisho, akiangalia chini. Jicho lake moja lilikuwa limevimba.

Mikono minane. Nikaenda nyumbani, nikafungua sanduku, nikarudi nikampa Mbithe aliyekuwa akingoja kando. Mbithe akasoma jina lake kwenye cheti, akasoma la mama yake, akaweka sahihi kwa daftari kwa mwandiko ule wake mzuri.

"Asante, mwenyekiti," akasema, na hakuwa ananitania.