Mhitimu wa Darasa la Jioni

Saa moja na nusu asubuhi, Mama Deki alikuwa amekwisha kuupiga deki ukumbi mzima mara mbili, na bado sakafu ilikuwa na alama za viatu vya waliotundika bendera. Bendera zilikuwa ishirini na sita. Kila iliyopanda ilidondosha vumbi la ukuta, na vumbi lote lilikuwa lake. Ilikuwa Siku ya Tamaduni za Mataifa, siku ambayo Taasisi ya Taaluma za Tamaduni, pale chuo kikuu, hupokea wageni wa ng'ambo, na vyoo hupata sabuni.

"Mabibi na mabwana!" Redio, mfagizi mwenzake asiyejua kunyamaza, alitokea stoo ameshika mpini wa fagio kama kipaza sauti. "Utamaduni ni daraja..."

"...lisilo na mlinzi wala kizuizi," Mama Deki akaitikia bila kuinua kichwa, akikamua tambara. "Nasi, watu wa taasisi hii, tumekabidhiwa kulitunza daraja hilo kwa elimu, kwa uadilifu na kwa upendo."

Wakacheka. Hotuba ya Mkurugenzi haikuwa imebadilika kwa miaka kumi na mmoja. Kila mwaka ilichapwa upya mwanzoni mwa kijitabu cha ratiba, ikasomwa, ikapigiwa makofi. Mama Deki aliisikia kila mara akiwa mlangoni na ndoo yake, ikamkaa kichwani kama wimbo wa kubembelezea watoto. Kuisoma hakuweza. Kwao alipelekwa shule kaka yake. Yeye alipewa jembe.

"Cheka leo, shoga," Redio alisema. "Jumatatu orodha inatoka. Vibarua ishirini, wanabaki wanane. Na kalamu anayo Bwana Itifaki."

Mama Deki alilitosa tena tambara ndooni. Nyumbani alikuwa na wajukuu watatu na binti asiyeweza kuinuka kitandani. Kibarua hiki ndicho kilichokuwa sufuria, paa na dawa.

Saa nne wageni waliingia. Mama Deki alikuwa akisugua sinki chooni, akasikia viatu vya haraka, na Bwana Itifaki, msimamizi wa wageni na vibarua, kijana wa rika la mwanawe wa kwanza, akasimama mlangoni anahema.

"Mama, vua aproni. Upesi."

"Kuna nini, bwana?"

"Ile picha. Profesa mgeni ameiona kwenye meza ya maonyesho, anakutaka wewe."

Picha aliijua. Miaka tisa iliyopita, chuo cha huyo mgeni kilileta fedha za kufungua Darasa la Jioni la Wafanyakazi, ili wafagizi na watunza bustani wajifunze kusoma. Mama Deki alinunua daftari la mistari, akalivika gazeti. Siku ya kwanza walipangwa kwenye madawati, wakapewa penseli, wakapigwa picha. Siku ya pili walikuta kufuli. Siku ya tatu walikuta kufuli. Hawakuuliza, kwa kuwa kufuli nalo ni jibu. Daftari lilikuwa bado chini ya sanduku lake, jeupe kama lilivyotoka dukani.

"Sasa nisikilize," Bwana Itifaki alisema, akimvika shingoni kitambulisho cha wageni. "Wewe umehitimu. Unasoma, unaandika. Sawa?"

"Bwana, mimi hata jina langu..."

"Mama. Jumatatu ninapeleka orodha. Unanielewa, hunielewi?"

Alimwelewa. Maneno kama hayo hayahitaji shule.

Profesa alikuwa mwanamke mwenye mvi, mikono yake myembamba, Kiswahili chake kimenyooka kama cha kitabuni. Alimwona Mama Deki, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Mama Deki alijibu, na aibu ya kwanza ikampanda shingoni. Hakuna mtu wa jengo lile aliyewahi kumwamkia.

"Picha yako iko ukutani ofisini kwangu. Miaka tisa ninaitazama kila asubuhi. Tafadhali, utusomee kidogo. Chochote ukipendacho."

Ukumbi mzima uligeuka kumtazama. Bwana Itifaki alichomoa kijitabu cha ratiba, akakifungua mwanzoni, akamtia mkononi. "Hotuba ya Mkurugenzi, mama. Ndiyo inayofaa."

Mama Deki alikitazama. Alishusha pumzi, akaanza.

"Mabibi na mabwana. Utamaduni ni daraja lisilo na mlinzi wala kizuizi."

Hakukwama. Alipumzika pale Mkurugenzi alipozoea kupumzika, akapandisha sauti pale alipozoea kuipandisha. Alipofika kwenye "uadilifu", aliyakwepa macho ya Profesa, akaendelea. Watu walitikisa vichwa kwa mshangao mwema. Mlangoni, Redio alikuwa amesimama na ndoo. Hakucheka.

Safu ya mbele, binti mmoja mwanafunzi alikuwa akifuatilia kwa kidole katika kijitabu chake. Aliinua macho, akangoja, kisha akanong'ona kwa upole, kama mtu amwambiaye mama yake kwamba kanga imemteleza:

"Mama, geuza ukurasa."

Mama Deki akageuza. Vidole vyenye jasho viligeuza kurasa tatu kwa pamoja, akajikuta ameshika ramani ya vyoo na maegesho ya magari, huku mdomo wake ukiendelea kusema habari za urafiki wa mataifa. Yule binti aliitazama ramani. Kisha akakifunga kijitabu chake taratibu, akainamisha uso, na mpaka mwisho hakuuinua tena.

Makofi yakalipuka. Mkurugenzi ndiye aliyepiga kwa muda mrefu kuliko wote. Profesa alijipangusa macho.

"Nitawaambia wenzangu," alisema, "fedha za darasa hili ziendelee. Miaka mitano mingine!"

Mama Deki alitamani ardhi impokee. Darasa alilolililia alikuwa amelizika kwa mdomo wake, mbele ya watu, wakamshangilia: fedha zingeendelea kuja, na kufuli lingebaki palepale.

Bwana Itifaki alimvuta kwenye meza ya usajili. Vyeti vya wageni vilikuwa vinagongwa mihuri pale. Kidau cha wino kilikuwa wazi.

"Tia sahihi, mama, orodha hii ya wahitimu Profesa anaondoka nayo. Chora chochote, hata nyoka."

"Hapo pameandikwa nini?"

Alipunguza sauti. "Mhitimu, Darasa la Jioni. Anajua kusoma na kuandika."

Mama Deki aliishika kalamu. Hatua tatu kutoka pale, Profesa alikuwa akiagana na Mkurugenzi. Angeweza kumwita. Lakini mdomo ulikuwa umekwisha kusema uongo, na uliona haya kurudi. Aliwaza wajukuu. Aliiwaza Jumatatu. Akaiweka kalamu chini, akalibonyeza dole gumba kwenye kidau, akalikandamiza kwenye mstari wake, palepale mbele ya maneno yale, kwa uzito wa mwili wake wote.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nimetia sahihi, bwana. Ndiyo niliyofundishwa."

Bwana Itifaki alichomoa leso, akafuta. Wino ukatanda, alama ikazidi kuwa kubwa. Alipoinua kichwa, Profesa alikuwa amesimama mbele ya meza, amenyoosha mkono kuipokea orodha.