Mwangwi wa Chumba Kimoja

Walimwita Chechele, maana akili yake ilizoea kwenda matembezini bila kuaga. Lakini mbele ya kompyuta yake ya kuchanganya sauti, msichana alikuwa fundi, hilo hata mahasidi wake walikubali. Studio yenyewe ilikuwa stoo, kuta kazitandika magodoro makuukuu, na kiti cha mgeni kimoja tu, nacho kinayumba. Siku hiyo alikikalia mama yake mkubwa, na alikuwa amekuja kukataa.

Sasa ugomvi wenyewe ulikuwa hivi. Mama mkubwa na mama yake Chechele, ndugu wa tumbo moja, walikuwa hawasemeshani mwaka wa pili huo, kisa cherehani aliyoiacha marehemu mama yao. Cherehani yenyewe hata sindano haina! Na baba yao, mzee wa miaka tisini, kaomba kitu kimoja: Jumapili awasikie binti zake wakiimba pamoja kama zamani. Basi Chechele akamrekodi mmoja Jumatatu, mwingine Jumatano, wasikutane hata mlangoni.

"Weka nisikie," mama mkubwa akasema. "Isiponiridhisha unafuta. Sitaki Baba adanganywe."

Chechele akaweka. Kumbe kila sauti alikuwa ameipa mwangwi wake peke yake. Huyu anaimba kama yuko kisimani, yule kama yuko bafuni.

"Unaona? Hata mashine inajua hatuko pamoja. Futa!"

"Mama mkubwa jamani, hata chai hujamaliza."

Akaing'oa ile miangwi haraka haraka. Akafungua njia moja mpya pembeni, akaweka humo mwangwi mmoja, kisha kwenye kila sauti akachota kidogo akaupelekea. Ni kama nyumba yenye sebule moja: kila mtu ana chumba chake, ila wakitaka kuongea hukutana pale. Kilichochanganyika huko kikarudi kwenye spika.

Loo! Dada wawili wakasikika kama wamesimama bega kwa bega.

Mama mkubwa akakunja uso. "Mtoe huyo mama yako. Nijisikie mwenyewe."

Chechele akashusha kitelezi cha sauti ya mama yake mpaka chini kabisa. Mama hakutoka. Sauti yake ikabaki nyuma, nyembamba, maneno hayashikiki, kama mtu anayeimba upande wa pili wa ukuta.

Chechele akajishika kichwa. Kosa lake la siku zote: alichota sauti ya kupeleka kwenye mwangwi kabla haijafika kwenye kitelezi, badala ya baada yake. Umemfungia mtu mlango wa mbele, yeye anaingilia wa nyuma.

"Samahani, nilisahau, nabonyeza hapa tu…"

"Hebu acha."

Wimbo ukaenda mpaka mwisho. Mama mkubwa alikuwa anatazama godoro ukutani.

"Utotoni tulilala vyumba viwili," akasema. "Yeye anaanza wimbo kwake, mimi namalizia kwangu. Mama anatutukana tulale."

"Nimrudishe?"

"Kwa mashine? Hapana. Mpigie. Aje Jumamosi turudie, wote wawili humu humu."

"Nimwambie nani kasema?"

"Kwani mimi jini, sina jina? Sema ni dada yake. Na uweke maikrofoni mbili. Mdomo wake ule tarumbeta, atanifunika."

Chechele akapiga. Simu ikaita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama mkubwa akakaa wima kwenye kiti kile, akasafisha koo, akanyoosha mkono apewe simu aongee mwenyewe.