Mifuko Inayojua Kwao

Jumanne jioni, baada ya chai, wanakamati wa usafi wa mji wa Kilvarna walikusanyika mbele ya kanisa kama ilivyo desturi yao, wakavaa vizibao vya njano na kugawana vibanio vya kuokotea taka. Mvua ilikuwa imekatika. Bi Dympna Lohan, mwenyekiti, aliyesimamia posta ya mji mpaka posta ilipofungwa, alimkagua kila mmoja kuanzia viatu hadi glavu, kisha akasema wiki hii hawataanza na barabara kuu. Vikapu vya maua vinaning'inia vizuri, mabenchi yamepakwa rangi, hata pampu ya maji ya zamani imesuguliwa ikang'aa. Wataanza na barabara ya Sligo.

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Kando ya barabara ya Sligo, kwenye kipande cha nyasi kabla ya daraja, ndipo ilipoegeshwa karavani ya Nonie Cawley, nyumba yake ya magurudumu.

Nonie ni Msafiri. Hivyo ndivyo wanavyojiita wenyewe wale watu wa nchi hii wanaoishi kwa kuhama na nyumba zao. Majina mengine tunayowaita hayaandikiki, ingawa yanatamkwa kila siku na watu wanaokwenda misa. Mama yake Nonie alimzaa kwenye nyasi zile zile. Kila mwaka Nonie alikuja akakaa, akaondoka. Mwaka huu alikawia kwa sababu ya mjukuu wake, Chrissie, ambaye alikuwa darasani na watoto wa mji akifundishwa Komunyo ya kwanza. Gauni lilikuwa tayari, jeupe, pana kiasi kwamba lilipewa kitanda na mtoto akalala chini. Kama Nonie angeondolewa kabla ya siku yenyewe, mahali pengine pa kuegesha palikuwa mbali, na padri alishasema kwamba mtoto asiyefika mazoezini atafute parokia nyingine.

Kamati nayo ilikuwa na siku yake. Jaji wa mashindano ya miji safi huja mwezi wa sita, peke yake, bila kutaja jina wala siku. Kwa hiyo kuanzia katikati ya mwezi wa tano, Kilvarna humshuku kila mgeni na kumtendea wema. Mwaka uliopita mtu aliyekuja kusoma mita za umeme alipewa skonzi na jamu, akaonyeshwa mawaridi ya kanisani, akasindikizwa hadi kwenye gari lake na wanawake watatu. Jaji halisi alipita siku nyingine, mvua ikinyesha, na akatuma maoni kwamba mji unavutia, ila mtu akiingia kutokea upande wa Sligo anavunjika moyo.

Ndipo Jarlath Scahill, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na machimbo ya mawe, alipojitolea. Angeleta mawe makubwa, kila moja kama ng'ombe aliyelala, yapangwe kwenye zile nyasi na maua yapandwe katikati. Ingekuwa bustani. Karavani isingeweza kupita kati ya jiwe na jiwe, lakini hilo lilitajwa kwa sauti ya chini, kama mtu anavyotaja ugonjwa. Mhandisi wa halmashauri alikubali, mradi ipatikane sababu. Bi Dympna alisema sababu iko kwenye mtaro.

Na kweli ilikuwepo. Nyuma ya ua wa miiba, mtaroni, ilirundikana mifuko myeusi ya taka.

“Haya, jioneeni wenyewe,” alisema Bi Dympna. “Mimi sisemi kitu.” Kisha akasema mengi.

Nonie alikuwa anaanika nguo. “Bi Dympna, karibu. Mmekuja kuchukua vyenu?”

“Vyetu? We Nonie, usianze. Taka ziko nyuma ya mlango wa nani?”

“Ziko kwenye mtaro wa barabara. Na barabara ni ya wote. Si ndivyo mnavyoniambia kila nikiegesha?”

Jarlath akacheka, kisha akakumbuka yuko upande gani.

Waliitoa mifuko mtaroni, wakaipanga kando ya lami ili ipigwe picha pamoja na karavani. Kazi ya kupiga picha alipewa Attracta Tuohy, anayemwagilia maua ya mji, kwa sababu simu yake ndiyo iliyokuwa na chaji. Alikuwa hajabonyeza bado, mfuko wa kwanza ukasimama wenyewe.

Ulijikung'uta majani, ukaanza kutembea. Ulitembea kwa kuyumba, kama mtu aliyeazima viatu. Wa pili ukaufuata, na wa tatu, mpaka yote ikawa barabarani.

Bi Dympna alivaa miwani yake. “Inarudi kwao,” alisema. “Vizuri kabisa. Hii ni bora kuliko picha. Tulieni tuone inaingia wapi.”

Wote wakaitazama karavani. Mfuko wa mbele ulifika kwenye ngazi yake na kusimama. Mtu mmoja nyuma akanong'ona, “Si nilisema?” Nonie aliutazama, kibanio cha nguo mdomoni. Mfuko uliegemea ngazi, ukahamisha uzito upande mmoja kama mtu anayeumwa nyonga, kisha ukaendelea na safari kuelekea mjini. Ile mingine haikusimama hata kidogo.

“Umepumzika tu,” alisema Nonie. “Mzigo mzito huo, jamani. Nyumba gani inayokula nyama kiasi hiki?”

Wanakamati waliifuata mifuko kwa mbali kidogo, kama watu wanaosindikiza jeneza la mtu wasiyemjua vizuri. Mmoja ulikata kushoto kwenye nyumba ya mapadri, na mtumishi akaufungulia mlango. Miwili iliingia kwenye uwanja wa Jarlath. Jarlath alisema kwamba pale hupita watu wengi. Ule mzito ulipanda ngazi za daktari. Mmoja ulikwenda moja kwa moja hadi kwa Attracta, ukaketi kwenye zulia la mlangoni. Na mfuko mdogo, uliofungwa kwa kamba nyembamba na fundo la kiposta, ulifika ukingoni mwa barabara kuu, ukaangalia huku na huku, ukavuka, ukaenda kukwaruza mlango wa Bi Dympna.

“Ingia upesi,” alisema Bi Dympna, “kabla hujaonekana.”

Wote walikuwa wamesimama pale pale wakiutazama.

Mifuko kutembea hakukumsumbua mtu. Kilichowasumbua ni nani aliona upi ukiingia wapi. Kuanzia siku ile mapazia ya Kilvarna hayakutulia. Waliorudiwa na mifuko waliwashuku wasiorudiwa kwamba wao huchoma taka zao. Wasiorudiwa waliacha kuazimana ngazi na waliorudiwa. Mke wa mwuza nyama alipishana na dada yake mlangoni mwa benki, kila mmoja akamtazama mwenzake miguuni kwanza, aone anafuatwa na nini. Ilisemwa kwamba kuna mtu aliyeiba mifuko ya watu uani akaenda kuitupa. Ilisemwa pia kwamba mfuko unaweza kukosea nyumba. Hilo la pili Bi Dympna alilikataa, ingawa lilimfaa. Alisema hakuwahi kuona kitu kilichofungwa vizuri hivyo kikapotea.

Gari la taka lilipokuja, mifuko ilirushwa ndani. Kabla gari halijafika njia panda, ilikuwa imesharudi mlangoni, imechoka na kuchafuka zaidi. Watu wakazoea. Jarlath aliagiza kamba za mbwa, zikaisha, akaagiza nyingine. Siku za Jumapili mifuko iliachwa kwenye ukumbi wa nje wa kanisa, pamoja na wale wanaume ambao miaka yote husikiliza misa wakiwa wamesimama mlangoni, na haikuonekana tofauti kubwa. Watoto waliipa majina. Mfuko wa daktari ulipata mafua, ukavuja.

Mwisho mji ulipata maelezo yake. Alikuwa ni Nonie.

“Wasafiri wana mkono,” alisema mke wa daktari. “Farasi wakorofi wanawatii. Sembuse mfuko?”

“Ule wa kwanza ulisimama kwake.”

“Ulimtazama, mama. Mimi nilikuwepo. Walijuana wale.”

Kamati ilikutana kwenye ukumbi wa parokia. Mifuko iliambiwa ingoje nje. Ajenda ilikuwa aibu iliyoupata mji na jinsi ya kuiondoa kabla ya jaji kufika. Ni nani aliyebeba taka za jikoni kwake akapita nazo darajani na kuzitupa nyuma ya karavani ya mtu, hilo halikuwa kwenye ajenda.

“Lakini taka ni zetu,” alisema Attracta. Alilisema akimimina chai, kwa sauti ya kumiminia chai.

“Sukari ipo?” aliuliza Bi Dympna.

Sukari ilikuwepo. Ikapitishwa.

Ikaamuliwa kwamba mawe yawekwe Ijumaa. Sababu ya mwanzo ilikuwa imetembea na kuondoka, lakini mhandisi hakuwa amerudi kuuliza, na maua yalishanunuliwa. Kisha Bi Dympna akavua miwani yake. Alisema wao si watu wakatili. Mtoto ni mtoto. Nonie akija mbele ya kamati akaomba radhi kwa kuudhalilisha mji, basi mawe yatangoja mpaka Komunyo ipite.

“Neno moja tu,” alisema. “Lina uzito gani?”

“Akikataa?” aliuliza Jarlath.

“Akikataa atakuwa amejiondoa mwenyewe. Hatutakuwa sisi.”

Kila mtu aliona kwamba hapo pamekaa vizuri. Aliyetumwa ni Attracta, kwa sababu ana uso wa upole.

Alikwenda Ijumaa asubuhi. Hakuwa amekwenda mapema zaidi kwa sababu ambazo alijitajia njiani na hazikumridhisha. Alipofika, mashine ya Jarlath ilikuwa tayari imesimama darajani ikinguruma, jiwe la kwanza likiwa mdomoni mwake, na Bi Dympna amesimama kando yake na trei ya maua mekundu. Mfuko wa Attracta ulimfuata nyuma bila kamba. Wakati huo ulikuwa umeshamzoea.

Nonie alikuwa anafunga karavani kwenye gari. Chrissie alikaa kiti cha mbele, gauni mapajani. Lilikuwa limejaa mpaka kwenye kioo, na kwa mtoto palionekana macho tu.

“Nonie, dada yangu.”

“Ahaa. Leo nimekuwa dada.”

“Wanataka neno moja. Sema samahani, na mawe yatangoja. Chrissie apokee na wenzake, halafu mtaondoka kwa amani.”

“Samahani ya nini?”

“Ya yaliyotokea.”

“Yametokea wapi? Mimi nilikuwa naanika nguo.”

Mfuko ulikuja ukaegemea mguu wa Attracta. Nonie akautazama.

“Huyu ni wako?”

“Wangu.”

“Anakupenda. Ana nini ndani?”

“Majivu. Makopo. Pazia la jikoni.”

“Ulikuja kumtupa mwenyewe, kwa mkono wako?”

“Kwa mkono wangu. Ulikuwa umekwenda kumchukua mtoto shule. Nilingoja mpaka uondoke.”

Nonie alikaza mnyororo, akajaribu kama umeshika. “Basi twende ukaseme hivyo pale darajani. Hivyo hivyo ulivyoniambia, mbele ya Jarlath na yule mama wa posta. Useme wewe, nisikilize mimi. Hapo mawe yatakosa sababu, mtoto atapokea na wenzake, na mimi nitakushika mkono mbele ya watu wote.”

Attracta aligeuka kuangalia darajani. Bi Dympna aliinua kidole gumba kwa mbali, kwa namna ya kuuliza. Attracta alikinyoosha kizibao chake, akafunga kifungo ambacho kilikuwa kimefungwa.

“Ningependa,” alisema. “Lakini nakaa nao, Nonie.”

“Na mimi nakaa na nani?”

Mashine ilisogea. Jiwe lilishushwa kwenye nyasi taratibu, kama mtu anavyomlaza mgonjwa, na Bi Dympna akapiga magoti kando yake kuona ua lipi likae wapi. Palibaki nafasi ya gari kupita.

Chrissie aligonga kioo. “Bibi! Tunakaa au tunakwenda?”

“Ngoja kidogo, mwanangu. Namalizana na huyu.”

“Kwa ajili yake basi,” alisema Attracta. “Neno lenyewe ni la mdomoni tu. Likitoka limekwisha.”

Nonie alipanda kwenye gari, akafunga mlango, akashusha kioo.

“Sikiliza, mama. Siombi radhi. Kwenu siombi, na kwa ajili ya mtoto ndiyo siombi kabisa, maana yupo hapa anasikia. Nenda kamwambie hivyo mwenyekiti wako. Na ukifika usilipambe neno langu na adabu zako, mara Nonie anasikitika, mara Nonie angependa. Nonie hapendi. Mwambie siombi.”